Mama Hakuomba Msaada

Filamu za maisha ya kweli, zisizo na waigizaji, ninazipenda sana, lakini habari za simba na tembo msiniletee. Filamu ya kurudia mara tano lazima iwe na mtu aliyeikasirikia kamera. Huyo ndiye asiyedanganya.

Nyumba ya sinema ya hapa mjini Baraka, chumba cha televisheni na mabenchi, ilikuwa nayo moja tu ya namna hiyo. Wazungu waliipigia Swima, kijijini kwetu, nikiwa na miaka saba. Wakagawa biskuti, wakaenda zao. Mama yangu anaonekana ameinamia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alizoanika mchangani, anainua uso, anasema maneno machache kwa Kibembe, lugha yetu, basi. Mama amekufa. Picha yake ninayo nyumbani. Sauti yake iko mule tu.

Na sauti hiyo, yule mpumbavu wa maikrofoni alikuwa anaifunika! Kwetu filamu haiendi bila mtafsiri. Anakaa kando ya televisheni, anageuza Kifaransa kuwa Kiswahili na kutia chumvi yake. Huyu ni mtu wa mbali, Kibembe hajui hata salamu. Kila Mama akifungua mdomo, yeye anapaza: "Mama iko nalia! Njaa imemushinda, anaomba musaada!"

Musaada! Mama yangu, ambaye hata chumvi hakuomba kwa jirani!

Nilivumilia mara nne. Jumamosi moja mchana, watu wamejaa, jasho linatiririka, nikaenda kusimama mbele ya televisheni.

"Funga kinywa," nikamwambia.

"We mama, ikala! Batu balilipa!" akafoka, akinionyesha benchi nikae.

"Huyu ni mama yangu. Ukisema neno moja tena, hiyo maikrofoni utaimeza."

Watu wakaguna. Kisha bamama wawili wa nyuma wakapiga kelele: "Umuache asikie!" Akazima maikrofoni, akairudisha filamu nyuma, amenuna. Nikasogea pembeni.

Mama akainua uso, akamkazia macho mwenye kamera. "Toa mguu wako! Unakanyaga samaki wangu!"

Waliojua Kibembe wakacheka mpaka wakapiga mabenchi, wakawaeleza wengine. Mimi nikasimama kifua mbele. Si nilisema? Lo, nilitamani wale Wazungu wangekuwa pale nao wacheke!

Lakini Mama hakuwa amemaliza. Kicheko kilifunika masikio ya wote isipokuwa yangu, maana nilikuwa karibu na spika. Aligeuza kichwa akaita jina langu, mara mbili. "Uko wapi? Njoo unisaidie kumufukuza huyu."

Siku ile nilikuwa nyuma ya gari la Wazungu, ninakula biskuti. Nakumbuka hata utamu wake. Sikumsikia, au nilimsikia nikatafuna tu. Mungu ndiye anajua.

Filamu ikaisha. Mtafsiri akanijia, safari hii kwa adabu. "Mama, samahani. Pale mwisho alisema nini?"

"Anaomba musaada," nikamjibu, nikatoka.