Miguu Sita ya Shamsa

Nakumbuka siku moja ya Idi hapa Ibra, kwetu Oman, mwanangu, nilichoma miguu sita na sikujua kama ni miguu.

Wazee wetu walikuwa wamekwishafariki. Mimi, mkubwa wa wanne, niliacha skuli nikaendesha gari la maji ili wadogo zangu wasome. Asubuhi ile nilikuwa nawasha shimo la shuwa, nyama yetu ya kufukia. Nyuma ya jiko nikaona vijiti vya mtende vimechongwa na kufungwa uzi. Nikavitia motoni pamoja na kuni nyengine.

Mdogo wangu Shamsa akaja akasimama ukingoni mwa shimo. Hakulia. "Kaka, hiyo ilikuwa miguu ya mashine yangu."

Mashindano ya wanafunzi ya mashine za kutembea yalikuwa mjini Nizwa wiki ile ile, na mshindi angepata nafasi ya kusomea uhandisi. Nikajitetea kuwa takataka hazina mwenyewe. Bi Zuwena, jirani aliyesaidia kutulea, akanitazama. "Uliuliza?"

Jioni nilimwomba Shamsa anieleze alikuwa akiiga nini. Akanambia Wasovieti walipeleka sayari ya Mirihi mashine ndogo, kiasi cha kitabu kinene, ya kupiga hatua kwa vibao viwili tu vya miguu, si sita kama ya kwake, imefungwa waya kwenye chombo kilichoibeba. Amri kutoka duniani zingechelewa mno, kwa hiyo waliifunza kujiamulia: ikigusa jiwe, irudi nyuma, igeuke, iendelee. Chombo kilitua, mara kikanyamaza. Hakuna ajuaye kama ilipiga hata hatua moja.

"Na bado unaiiga?" nikauliza.

"Kwani miguu yake ilikuwa na kosa gani, Kaka?"

Nikachukua kisu. Yeye akipima, mimi nikichonga. Shuwa ilipofukuliwa, miguu sita mipya ilikuwa tayari.

Kule Nizwa mashine yake iligusa jiwe, ikarudi nyuma, ikageuka, ikapita. Mwamuzi akauliza nani kachonga miguu. Shamsa akaninyooshea kidole mbele ya watu wote: "Kaka yangu yule, fundi wa miguu." Mimi, niliyeacha skuli, nikasimama wima kama mlingoti.

Leo Shamsa ni mhandisi. Mguu mmoja uko juu ya kabati langu, na hauguswi.

Mwanangu, kuwalisha wadogo zako hakukupi ruhusa ya kutowauliza. Uliza kabla hujatupa. Na ukikosea usikae hapo kujitetea; rudi nyuma, geuka, endelea. Allah akupe mikono yenye subira, na akuweke hai uione kazi ya mdogo wako ikitembea. Amin.