Mwaka wa Pili wa Kuomba Chuo cha Meno

Msimu wa udahili ukifika, simu ya binti yangu ikilia mimi naacha kupima mchele. Ninauza choroko na mchele hapa sokoni Bariadi, na kwa kawaida siogopi mtu. Mgambo nimegombana nao, madalali nimewafukuza. Ila hiyo simu naiogopa. Mwaka jana ujumbe ulivyoingia tulikuwa tunapepeta mchele, sote wawili tuna vumbi mpaka kwenye kope. Akasoma, akaiweka simu kifudifudi juu ya gunia, akaendelea kupepeta. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Wamenikataa." Akapepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, na mikono yake ikawa bado inaenda.

Baada ya hapo aliacha kula sawasawa. Shoga zake wakija anajifanya amelala. Hakukataliwa kwa kufeli. Fizikia alifaulu, kemia alifaulu, biolojia ndiyo usiseme. Walisema nafasi zimejaa. Mimi niliishia darasa la tano, sijui nafasi inajaaje, labda kama gunia, unashindilia mpaka basi. Ninachojua ni kwamba mtoto aliniambia hivi: "Mama, naomba tena mwaka huu. Wakinikataa tena sitaomba chuo chochote. Usinilazimishe." Mtoto huyu hasemi kitu akageuka.

Kwa nini meno, watu wananiuliza. Si auguze tu watu kama wenzake, si awe mwalimu. Basi nitaeleza. Majina sitayaandika, ila kila aliyehusika nitamtaja kwa nafasi yake, na atakayesoma atajijua.

Kabla ya binti huyu nilizaa mtoto wa kiume. Nilimzalia Kasoli, kwa wakwe zangu, wakulima wa pamba wenye ng'ombe kiasi. Mtoto akashikwa na homa na kuharisha. Mama mkwe akaingiza kidole mdomoni mwake, akapapasa fizi, akasema ana meno ya plastiki. Huku kwetu wengi wanaamini hivyo mpaka leo. Mtoto mchanga akiugua wanasema kuna meno mabaya, meupe laini, yamejificha ndani ya fizi pale zinapotokea chonge, na yasipotolewa atakufa. Nikasema tumpeleke zahanati. Mama mkwe akasema zahanati hawayajui meno hayo, wewe mtoto wa juzi utatufundisha nini? Akanituma kisimani. Nimerudi na ndoo kichwani, nikakuta mtu wa kung'oa keshaitwa kutoka Bukundi, ana spoki ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe. Mume wangu ndiye aliyeshika miguu. Yule mtu akaniwekea kiganjani vitu viwili vidogo vyeupe, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, hawa ndio wadudu waliotaka kukuulia mtoto."

Hawakuwa wadudu. Yalikuwa meno ya mwanangu ambayo hayajaota. Damu haikukata, homa ikapanda, na tukamzika nyuma ya zizi.

Kwa hiyo wa kwanza ni mama mkwe. Wa pili ni huyo mtu wa spoki. Wa tatu ni mume wangu, ambaye siku hizi anachunga huko huko Bukundi na mke mwingine. Wa nne ni yule nesi wa zahanati, ambaye nilipomkimbilia na mtoto anatoka damu alianza kwanza kunifokea mimi, mbele ya foleni nzima, kabla hajamgusa mtoto.

Binti huyu alipozaliwa nilimbeba nikarudi kwetu Nkoma, sikutoka huko mpaka chonge zake zote zimeota, ndipo nikahamia hapa Bariadi. Nilikuwa namfungua mdomo kila asubuhi kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani. Amekua akijua kwa nini. Ndiyo maana ni meno.

Sasa mwaka huu. Tulipeleka maombi kwa dada mmoja mwenye steshenari karibu na stendi, ndiye anayewajazia watoto wengi mtandaoni. Baada ya hapo kazi ikawa kusubiri, na mimi sijawahi kuona kazi mbaya kama hiyo. Pamba unapalilia. Mchele unapepeta. Hii unakaa tu. Nyumbani tukaacha kulitaja neno chuo, tukawa tunasema "ile safari". Simu akaizima akaifukia kwenye chungu cha choroko, tukakubaliana inawashwa mchana tu, mimi nikiwepo. Jirani akiuliza, "Vipi, mtoto kapangiwa?" nasema bado anapumzika. Kumbe anafua nguo safi. Anazitoa kwenye kamba zimekauka, anaziloweka tena.

Siku moja akaniambia, "Mama, nataka twende Kasoli, kwa bibi."

"Bibi yupi?"

"Mama, unajua bibi yupi."

Alikuwa amesikia kwa watu kwamba mwaka jana alikataliwa kwa sababu aliomba bila baraka za upande wa baba. Kwetu mtu akitaka safari kubwa, bibi mzaa baba anachota maji yaliyokorogwa unga wa mtama, anajaza mdomoni, anayapuliza kifuani kwa mjukuu na kutamka maneno. Mimi nasali, nikamwambia mambo hayo tumeyaacha. Akanitazama na yale macho yaliyoanza kuingia ndani. "Kama hayana nguvu, mama, yatatudhuru nini?" Hofu ilikuwa imetushika wote wawili, na mwenye hofu hachagui mlango wa kubisha. Tukapanda bodaboda.

Nilikuwa sijaingia kwenye mji ule miaka mingi. Nikapiga magoti kama desturi inavyotaka, nikamwamkia. "Mwadila, mayu."

"Mwadila," akajibu mama mkwe, haniangalii. Amezeeka, mdomo umebaki fizi. Akamwangalia vizuri mjukuu wake. "Huyu ndiye yule mliyenificha? Mrefu kama baba yake. Njoo hapa, ng'wanone, mwanangu. Umekuja kufanya nini? Mwenye shida ndiye anayenikumbuka."

"Nimekuja unipulizie maji, bibi. Nimeomba chuo."

"Cha ualimu?"

"Hapana. Cha kutibu meno."

Bibi akacheka sana mpaka akashika mbavu. "Meno! Sasa mimi utanitibu nini? Nimeshamaliza yangu!" Hata binti yangu akatabasamu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Bibi akaita aletewe kibuyu, akakoroga unga kwa kidole. Nilikaa pembeni nikiwaza, mwanamke huyu huyu, kwa mdomo huu huu. Lakini nilikuwa nayataka yale maji. Naandika ukweli, niliyataka.

Kabla hajayatia mdomoni, akaingia mwanamke kijana, jirani yao, na mtoto mgongoni. Mtoto analia kile kilio chembamba kisicho na nguvu. "Bibi, hajalala, anawaka moto. Mama yangu amesema uniangalizie fizi."

Bibi akaweka kibuyu chini, akaingiza kidole chake mdomoni mwa yule mtoto, akapapasa. Akasema, "Hayo hapo. Yamevimba. Nitakuelekeza mtu."

Binti yangu akasimama. "Bibi, hakuna meno ya plastiki. Hilo ni jino lake mwenyewe linakua. Dada, mpeleke zahanati akapimwe homa."

Yule mama akamgeukia. "Kwani wewe ni daktari?"

Sitasahau swali lile. Binti angeweza kudanganya, nani angejua? Akasema, "Hapana. Nimeomba tu."

"Ameomba!" bibi akarukia. "Nenda ukasikilize mtu aliyeomba! Mwaka jana si aliomba, wakamrudisha? Wenye vyeti wao wenyewe wamemkataa, leo anakuja kunikatalia mimi kwenye mji wangu, mimi niliyelea watoto wa mji huu wote!"

Binti yangu akainamisha kichwa. Neno la kukataliwa lilimwingia pale pale lilipomwingia mwaka jana, nilimwona. Na yule mama kijana akaanza kumfunga mtoto kwa khanga na kumuuliza bibi, huyo mtu anakaa wapi?

Hapo nikainuka. Nikasema, "Dada, mimi sijaomba chuo. Mimi ni darasa la tano. Lakini nenda nyuma ya zizi hili, utaona pale palipoota mkonge. Mwanangu yuko pale. Aliyempapasa fizi ni huyu mama, kwa kidole hiki hiki."

Mtoto tu ndiye aliyeendelea kulia. Mama mkwe akachukua kibuyu, nikadhani anakunywa. Akayamwaga maji yote chini, mbele ya miguu ya binti yangu. "Nendeni," akasema. "Sina maji ya kazi hiyo."

Yule mama kijana alitoka na sisi. Hakusema ameamini, alisema tu, "Basi twende huko zahanati, ila kama hawana dawa narudi." Tulipakiana kwenye bodaboda mbili. Wakamtoboa mtoto kidole, wakasema malaria, wakampa dawa. Nesi wa siku hizi ni binti mdogo mpole, hakufoka. Ningefurahi kama nisingekuwa nimeona yale maji yakizama kwenye vumbi.

Tulipofika nyumbani Bariadi binti akakaa kwenye kizingiti. "Mama, amemwaga."

"Ni maji tu."

"Amemwaga, mama. Na yule dada hakunisikia mimi, alikusikia wewe. Wewe una kaburi la kumwonyesha. Mimi nina nini? Nikikataliwa tena, kila mama nitakayemwambia ampeleke mtoto zahanati ataniuliza kwani wewe nani."

Nilitaka kumwambia maneno ya kumtia moyo, lakini nilikuwa naogopa kuliko yeye. Nikamwambia ukweli, kwamba na mimi naogopa, na kwamba tangu nilipomzaa nimekuwa naogopa kila siku na bado napika, nauza, nalala. Akauliza unafanyaje? Nikasema sijui, naamka tu. Akacheka kidogo, "Huo nao ushauri, mama?" Tukala ugali. Siku hiyo alimaliza.

Majibu yalipotoka alikuwa ameshaapa hatawasha simu. Akaniambia niende mimi steshenari, yeye atasubiri nje. Nikaingia. Yule dada akaingiza namba, kile kitu kwenye kompyuta kinazunguka, kinazunguka. Yakatokea maandishi ya Kiingereza. Nilitazama herufi kwa macho ya kijinga, nikawa nazisoma kwenye uso wake yeye. Uso wake nao haukusema kitu, ameshazoea kuona watoto wa watu wakilia.

"Niambie kwa Kiswahili," nikasema.

"Amepata, mama."

"Soma tena."

"Amepata. Amechaguliwa."

"Kitu gani? Wasije wakampa uuguzi."

"Meno, mama. Mtabibu wa meno. Ila chuo chenyewe kiko mbali, kusini kabisa."

Sikujua kama nimekaa chini. Nilikuwa nimekaa kwenye katoni za karatasi na machozi yananitoka kama nimewekewa pilipili. Wateja wengine wakaanza, "Pole mama, pole, ataomba tena." Wajinga wale. Nikatoka mlangoni hivyo hivyo, uso umelowa, na binti yangu aliyekuwa ameshika nguzo ya umeme akaniona. Hakuuliza. Aligeuka akaanza kuondoka, kwanza kwa kutembea, halafu mbio, kuelekea barabara kubwa palipo na malori ya pamba.

Nikamkimbilia. Mimi na mwili huu, kandambili moja ikabaki mtaroni. Nikapiga kelele kwa Kisukuma, nikapiga kwa Kiswahili, umepata, umepata, simama, na kila ninavyopiga ndivyo anavyokimbia, maana sauti yangu ilikuwa ya msiba na honi zilikuwa nyingi. Mwendesha bajaji mmoja akamkinga njia, akamwambia, "We dada, mama yako huyo anakuita, umeiba nini?" Ndipo akasimama.

"Umepata," nikasema, sina pumzi. "Meno."

Akanitazama kama mtu asiyeniamini. "Umesoma wewe?"

"Nimesomewa."

"Twende nikasome mwenyewe."

Tukarudi. Akasimama mbele ya kioo cha kompyuta, akasoma kwa midomo bila sauti, akashusha kidole mstari kwa mstari mpaka mwisho, akarudi juu. Yule dada akamwambia hongera. Binti akanishika mkono.

"Mama," akasema, "na nikifika huko wakaona siwezi, wakanirudisha?"

"Sijui," nikamwambia. "Twende tukatafute begi."