Mfuko Alioufanya Plácida Chama cha Kuzikana

Mke wangu Plácida alizaliwa Sangrelaya, pwani ya Honduras, kwetu sisi watu wa muhogo. Tulipohamia Bronx alifua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikajikunja. Alipopooza upande mmoja, serikali ikamlipia mhudumu wa kumwogesha. Kisha wakasema pensheni yake imezidi kiwango. Kilichozidi akitoe, la sivyo mhudumu anaondoka.

Mama mmoja wa shirika la hisani akaja na njia. Kile kilichozidi kiingie kwao kila mwezi, kwenye mfuko wa pamoja na wengine wasiojiweza. Serikali haitakihesabu. Sisi tupeleke bili, wao walipe: kodi, umeme, nguo.

Plácida akanigusa goti. "Chungu kimoja, watu wengi. Si chama cha kuzikana hiki, mzee?"

Hapa Bronx watu wa kila kijiji cha kwetu wana chama chao. Unachanga, ukifa wenzako wanakurudisha kwa ndege, ulale na wazee wako. Plácida hakutaka kingine duniani. Mama yake amelala Sangrelaya, na mtoto wetu wa kwanza yuko ubavuni mwa bibi yake.

Michango miwili hatukuiweza. Akajitoa kwenye chama cha kijiji. Binamu yake Eulalia, mshika hazina, akaja juu.

"Umehamia kwa wazungu? Watakupigia ngoma hao?"

"Wana pesa, dada. Nyie mna ngoma tu na maneno."

"Haya. Ukifa usinipigie simu."

"Nikifa nitapigaje, we mwanamke?"

Wakacheka mpaka mhudumu akachungulia.

Bili hatukupeleka. Hata ya umeme alinizuia. "Acha zikae. Hiyo nauli yangu." Tukala wali na maharage, samaki wa nazi ilikuwa Krismasi tu. Koti lake lilichanika, nikalishona.

Alikufa Februari, asubuhi, nikimlisha uji.

Nikapiga simu kwenye shirika. Mama yule akanipa pole.

"Baba, mwenye akaunti akishafariki hatulipi tena. Kilichobaki kinabaki humu, kiwasaidie wengine."

"Na maziko?"

"Angeagiza mapema, akiwa hai, akatuletea bili, tungelipa. Jeneza, ndege, vyote. Kwani hamkuleta bili kwa nini?"

Nikampigia Eulalia.

Eulalia akapitisha bakuli kwa watu wa kijiji. Hakunisema hata neno. Kilichopatikana hakikufika nauli ya ndege, kikatosha kaburi la New Jersey tu, ng'ambo ya mto. Ardhi ilikuwa imeganda, wakaipasua kwa mashine. Wapiga ngoma walipiga kidogo, wakapuliza vidole, wakapiga tena.

Sasa magoti yangu yamekwisha, nami nahitaji wa kuniogesha. Pensheni yangu nayo imezidi. Mama wa shirika akarudi na karatasi zake, akanieleza pole pole, mara mbili. Nikatia dole gumba.

Eulalia akanijia jikoni.

"Shemeji, safari hii lipia ndege mapema. Urudi kwetu. Mtoto anakungoja kule."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Akaniepulia sufuria, akaenda zake.

Bili ya kwanza niliyopeleka ni ya kaburi langu, New Jersey, mkono wa kushoto wa Plácida. Wamelipa.