Mkono Juu ya Kipaza Sauti

Waya si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake wa jumba la mikutano, kwa sababu kila umkutapo ana waya shingoni, waya mfukoni, na ukimkaribisha kwako atakagua swichi kabla hajasalimia watu. Ni fundi wa mitambo ya sauti. Hukaa katika kichumba chenye dirisha la kioo juu ya ukumbi, hedifoni masikioni, kuhakikisha kila mkubwa akifungua kinywa anasikika. Wanachosema ni shauri yao. Mafundi wa kazi hiyo husema masikio njoo nayo, mdomo uache nyumbani, na Waya aliifuata kanuni hiyo miaka yote.

Sasa, bwana huyu ana mke, na mke ana mama yake ng'ambo ya mto, nchi jirani. Mama mkwe alipougua, mke akavuka daraja na mimba yake kwenda kumuuguza. Huku nyuma serikali mbili zikaanza kugombania kisiwa cha matope katikati ya mto, kisiwa ambacho hata vyura hukihama maji yakijaa. Daraja likafungwa pande zote mbili, na mke akajifungulia huko huko. Binti akaota meno, akaanza kusimama kwa kushika kiti, na baba yake anamjua kwa picha za simu tu. Waya alikuwa na haja moja duniani: ambebe mwanawe kabla mtoto hajafika umri wa kumwona mgeni. Kisiwa wangegawana hata na mamba, yeye hakujali.

Kwa hiyo mazungumzo ya kurudisha ujirani mwema yalipoletwa katika jumba lao, alifurahi mno. Kila kipaza sauti alikifuta kwa spiriti kwa mikono yake mwenyewe.

"Mke wangu, safari hii mambo yameiva," alisema kwenye simu. "Nimewaona, ni watu wazima, wana ndevu na mvi."

"Ndevu hata beberu anazo," mkewe akajibu. "Wafungue daraja kwanza, ndio nitawaheshimu."

Loh, mwanamke yule alijua asemalo. Walianza kwa kugombania nani aingie ukumbini kwanza, mpaka ukuta ukatobolewa mlango wa pili ili waingie pamoja. Wakaja kwenye jina la nchi gani litangulie kwenye karatasi. Hilo likawashinda kabisa. Mkuu wa ujumbe wetu anapiga meza, mkuu wa ujumbe wa ng'ambo naye anapiga, na waandishi wa habari, waliofungiwa chumba cha pili wasikilize hotuba kwa spika, wanaandika kwamba majadiliano ni makali. Waya juu kule anapunguza sauti na kuomba Mungu.

Ila wakubwa wale walikuwa na ujinga mmoja. Waliamini ukifunika kipaza sauti kwa kiganja, umekizima. Nani aliwadanganya, sijui. Kinachozima ni kitufe cha Waya, na hicho nacho, akikizima wakati wa chai, hukata sauti ya kwenda kwa waandishi tu; hedifoni zake hupata kila kitu, hata mtu akitafuna. Siku moja wakati wa chai wenzao walitoka, wakuu wawili wakabaki, wakasogeleana na sahani zao za keki, kila mmoja mkono juu ya kipaza sauti, wakaanza kunong'ona.

"Ndugu yangu, uchaguzi kwenu lini?" aliuliza wa kwetu.

"Mwakani. Nikifungua daraja sasa hivi, ugumu wa maisha nitamsingizia nani?"

"Hata mimi. Basi tuvutevute. Baada ya chai tugombanie nini?"

"Viti?"

"Viti tuligombania juzi, bwana, usinichekeshe! Tushike ramani."

"Haya. Ila usinitukane sana, mke wangu anatazama taarifa ya habari."

"Msalimie shemeji."

Wakacheka, keki ingali mdomoni, na kile kicheko chenye makombo kikamwingia Waya masikioni moja kwa moja. Alivua hedifoni akazifuta kwa shati kana kwamba zimetemewa mate. Tunaambiwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hawa hata kupigana hawakupigana! Walikuwa chanda na pete, na mtoto wa watu anakua bila baba ili wao wapate la kusema jukwaani. Ptuu! Baada ya chai wa kwetu alisimama, machozi yakamlenga, akataja damu ya mashujaa. Waya ikabidi ampandishie sauti.

Kesho yake, chai ilipoletwa, viganja vikarudi juu ya vipaza sauti. Waya alijua vizuri kwamba kitufe kile ndicho kazi yake na ndicho kitanda chake, maana alilala katika chumba cha wafanyakazi. Akakiwasha hivyo hivyo. Kule kwa waandishi spika zikaanza kunong'ona: "Leo nitatoka nje kwa hasira, wewe nifuate na kunisihi."

Basi pakawa hapatoshi! Watu walikimbia, milango yote miwili ikajaa. Na wale walioshindwa miezi yote kuandika mstari mmoja walitoa tamko la pamoja kabla vikombe havijapoa: sauti zimeghushiwa, fundi ni mhujumu, mazungumzo yamesitishwa, ulinzi darajani uongezwe. Nchi gani ilitangulia kwenye karatasi? Hakuna aliyeuliza.

Waya alihojiwa, akafukuzwa. Alikuwa akikunja godoro lake simu ilipolia.

"Huku wanasema wewe ni jasusi wa kwenu," mkewe alisema.

"Huku wanasema ni wa kwenu."

Mkewe alicheka kidogo. Nyuma yake mtoto alikuwa akiita mtu.

"Kuna jambo nilikuficha," alisema. "Niliona daraja likifunguliwa jambo hilo litajirekebisha lenyewe. Mtoto anamwita kaka yangu baba. Namkataza, hasikii."

Waya alikaa juu ya godoro, akamsikiliza binti yake akiita tena.

"Usimkataze," alisema. "Mwache awe na wa kumwita."