Wifi Yangu na Pamba Mdomoni

Mimi ni mwandishi. Ukitaka ushahidi, usimuulize mtu yeyote anayenifahamu, maana wote watakwambia mimi ni yule mama wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari. Hiyo ndiyo kazi inayonilipa. Uandishi haunilipi, na wala haujawahi kuniomba niufanye.

Kabla sijawa mwandishi nilikuwa msomaji, na hapo pia sifa zangu zina walakini. Kando ya kitanda changu kuna riwaya nene niliyoianza nikiwa na mimba ya kitindamimba wangu. Huyo kitindamimba sasa anang'oka meno ya utoto, na mimi nimefika pale ambapo mhusika mkuu anakaribia kushuka ngazi. Kila nikifungua kitabu, yeye anainua mguu, mimi nafumba macho. Maskini, sijui kama atafika chini. Lakini ukiniuliza mbele za watu nitakwambia kwamba napenda vitabu vinene, vyembamba havinishibishi.

Ninachosoma kwa kweli ni vitu ambavyo hakuna aliyeviandika ili visomwe: maelezo ya nyuma ya dawa ya meno, onyo kwenye mfuko wa saruji, kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni. Kuna siku nilisimama jikoni nikisoma habari za mtu na mkewe waliokuwa wamegombana kwa sababu ya ndoo. Gazeti lilikuwa limechanika pale mume anapogonga mlango. Nilibaki na dukuduku wiki nzima. Nilitamani kurudi dukani nikanunue sabuni nyingine, labda wangenifungia nusu iliyobaki.

Uandishi ulianza kazini. Mapokezi pana kompyuta, na kati ya simu moja na nyingine pana nafasi. Mwenzangu wa zamu ya mchana hiyo nafasi huitumia kupaka rangi kucha. Mimi niliandika makala, nikaiita "Binadamu ni Nani?" Nikalijibu swali hilo kwa kurasa tatu, bila kusita popote, nikampelekea mume wangu, ambaye ni fundi wa mafriji. Aliisoma akiwa amesimama, bisibisi mkononi.

"Hii ni ya bima?" akauliza.

"Bima gani?"

"Sijui. Naona maneno mengi, halafu sioni natakiwa nitie sahihi wapi."

Nilinuna. Nilinuna vizuri kabisa, kama waandishi wanavyostahili kununa, yaani hakuna mtu nyumbani aliyegundua. Kisha nikaachana na binadamu kwa jumla, nikaandika kuhusu wale wanaokuja kwenye meza yangu. Wengi wao, hata kabla ya salamu, hunipanulia mdomo wanionyeshe jino linalouma. Mimi si daktari. Lakini mtu akikupanulia mdomo huwezi kuangalia pembeni, kwa hiyo huwa nachungulia kwa adabu na kusema, "Pole sana, naliona." Silioni. Nikaandika hayo, ukurasa mmoja, nikauchapa kwa printa ya kliniki, nikautia kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka juu ya meza ya wagonjwa, katikati ya magazeti yaliyochakaa. Jina langu sikuweka. Nilijiambia ni unyenyekevu.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa fundi mwashi mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Aliichukua karatasi, akaiangalia juu na chini, akainua macho kuitazama feni iliyokuwa imekufa tangu asubuhi, akaanza kujipepea. Alijipepea na kazi yangu mpaka alipoitwa ndani. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyevimba shavu. Huyo alisoma, akacheka, akashika shavu, akasema, "Aa, aa, naumia," akacheka tena. Nilikwenda msalani, nikajitazama kwenye kioo na kujisalimia: "Habari za leo, mwandishi?"

Kichwa kikavimba. Na mwandishi akishavimba kichwa, huanza kuandika ndugu.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anauza mapazia. Ukoo mzima unamwita Redio, naye anajua, na jina analipenda. Huja kwetu siku yoyote anayojisikia, na hana desturi ya kukaa. "Karibu kiti, wifi." "Nimefika mara moja tu." Hiyo mara moja ni saa nzima ya kuzunguka nyumba akiwa wima: anashika pazia langu kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya, anafunua sufuria, anagusa kioo cha dirisha na kukitazama kidole. Na muda wote anaongea.

Nikaandika makala, nikaiita "Mgeni Asiyeketi." Niliandika kwamba anakagua nyumba yangu kama mpangaji anayetafuta kasoro ili apunguziwe kodi. Niliandika kwamba mchuzi wangu aliuita maji ya kuoshea mchele. Niliandika kwamba haketi kwa sababu viti vyangu havina hadhi ya kumpokea. Nikamficha, bila shaka. Wifi nikamgeuza jirani, mapazia nikayafanya mazulia, na kile kidoa chake cheusi cha shavu la kushoto nikakihamishia kulia. Nikajipongeza kwamba nimemficha kiasi kwamba hata mimi nikikutana naye njiani nitampita.

Nayo nikaitia kwenye mfuko wa plastiki pale juu ya meza ya wagonjwa, ikapendwa. Daktari mwenyewe alitoka na glavu zake kuuliza wanacheka nini.

Basi Jumanne moja mlango ukafunguliwa, akaingia Redio, shavu limejaa kama ameficha ndimu. Hakuwa ameacha kuongea hata hivyo.

"Wifi, niambie ukweli wako. Huyu daktari wenu ana mkono mwepesi?"

"Mwepesi kabisa."

"Maana yule wa zamani alinivuta mpaka nikawaona mababu. Nikawasalimia!" Halafu akanipanulia mdomo. Nikachungulia.

"Pole wifi, naliona."

Akaingia ndani. Baada ya muda muuguzi akamtoa akiwa amemshika mkono, pamba imejaa mdomoni. Akamketisha kwenye kochi, kochi lile la chini, laini, ambalo daktari alilinunua ili wagonjwa wajisikie wako nyumbani.

"Uma pamba hiyo kwa nusu saa, mama," muuguzi akamwambia. "Na usiongee. Hata neno moja."

Nilimhurumia muuguzi. Hakujua anamwambia nani.

Simu ikalia. Mtu alitaka kujua kama kusafisha meno kunauma. Nikawa namtuliza, na nilipoinua kichwa niliona mfuko wa plastiki mikononi mwa wifi yangu.

Niwe mkweli: sikuwaza kuhusu sanaa. Niliwaza kuhusu mlango wa nyuma. Kidole chake kilikuwa kikitembea mstari kwa mstari. Kilipofika katikati kikasimama. Akainua mkono, akagusa kidoa chake cha shavu la kushoto. Akarudi kwenye karatasi. Akagusa shavu la kulia, akaona hamna kitu. Kisha akanitazama.

"Mmmh," akasema kupitia pamba.

Pembeni yake alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye kofia, mgonjwa wetu wa siku nyingi. "Hiyo nimeisoma," mzee akamwambia kwa furaha. "Huyo mama ni balaa!"

Wifi akamgeukia. "Mmmh!" Akajipiga kifuani kwa kidole.

"Ala, na wewe unaye wa namna hiyo?"

Akajipiga kifuani tena, mara hii kwa kiganja kizima. Mzee akamtazama usoni, akatazama karatasi, akatazama kidoa. Taratibu akavaa kofia yake. "Nadhani jino langu limetulia," akaniambia. "Nitarudi siku nyingine."

Tukabaki wawili. Wifi akafanya ishara ya kuandika hewani. Nilidhani atainuka aje mezani kuchukua kalamu, na kweli alijaribu. Alishika mkono wa kochi, akanyanyuka nusu, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi tena. Nikazunguka meza upesi, nikampa kalamu na kukaa kando yake kama mwanafunzi aliyeitwa kusahihishiwa daftari.

Akaitoa karatasi kwenye plastiki, akaanza kazi. Kwenye neno "mazulia" aliweka alama tatu za kuuliza na kuandika: *Nauza mapazia.* Kwenye mchuzi aliandika: *Uongo. Nilisema maji ya kuoshea miguu.* Kwenye sentensi ya mpangaji na kodi akatulia, mabega yakamtikisika kidogo, akaandika: *Hapa umenipata.* Nikaanza kupumua.

Kisha akafika kwenye viti visivyo na hadhi. Hapo aliandika polepole, akiwa ameinamia karatasi, na mimi nilisoma kila neno lilipokuwa likitoka.

*Magoti. Nikikaa kwenye makochi yenu siinuki bila kushikwa. Sitaki watoto waone shangazi yao anashikwa.*

Sasa fikiria. Mimi, mwandishi wa maisha ya kila siku, mwenye jicho kali. Nilikiona kidoa. Niliona vidole viwili kwenye pazia, nilihesabu mara alizofunua sufuria. Magoti sikuyaona, na si kwamba ni moja, yako mawili, na yalikuwa yakizunguka sebule yangu miaka yote hiyo.

Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni: *Nisamehe wifi.*

Akanitazama kwa mshangao, akaninyang'anya kalamu. *Kwani na wewe umeng'olewa jino? Sema.*

"Nisamehe, wifi," nikasema.

*Ninyanyue kwanza,* akaandika.

Nikamwita muuguzi, mimi nikamshika mkono mmoja, yeye wa pili, tukamnyanyua. Akanyoosha gauni lake, akaikunja karatasi yangu mara nne, akaitia mkobani na kushuka ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta. Nilimtazama mpaka chini. Nilikuwa nimemwona akishuka na kupanda ngazi mara nyingi, na mara zote nilikuwa nikimtazama mdomo.

Jioni nilimweleza mume wangu. Akaweka bisibisi chini.

"Umemwandika dada? Dada Redio?"

"Nilimficha."

"Na bado unapumua," akasema, akaiokota bisibisi.

Nilisubiri kikao cha ukoo. Kikao hakikuja. Jumamosi mume wangu akasema twende tukamjulie hali, mgonjwa ni mgonjwa, na mimi nikafuata nyuma kama mtu anayepelekwa kituoni. Sauti tuliisikia kabla hatujaliona duka. Pamba ilikuwa imetoka zamani.

Alikuwa amesimama kati ya majora ya vitambaa, karatasi yangu mkononi, wateja wamemzunguka. Alikuwa akisoma. Nasema kusoma, lakini karatasi alikuwa akiitikisa tu. Yaliyokuwa yakitoka mdomoni mwake sikuwahi kuyaandika. Katika makala yake, mwenye nyumba akisikia hodi hukimbia na sufuria kuificha uvunguni mwa kitanda. Mwenye nyumba ana pazia moja tu zuri, hulihamisha kutoka dirisha hadi dirisha kufuatana na mgeni anakoelekea. Aliigiza mwendo wa mwenye nyumba anayekimbia na pazia, magoti na yote. Watu walikuwa hoi. Mume wangu, yuleyule wa bima, alijifuta machozi kwa kitambaa cha kuuzwa.

"Aliyeandika haya ni hodari," mteja mmoja akasema.

"Aliandika robo," wifi akajibu. "Robo tatu natia mwenyewe." Hapo akaniona. "Na mwenyewe ndiye huyu hapa! Mwandishi wetu! Wifi yangu huyu!"

Watu wakageuka. Nikajiweka sawa. Ilikuwa mara ya kwanza kutambulishwa kwa jina hilo hadharani, nikatafuta uso wa kufaa, kitu kati ya unyenyekevu na mawazo mazito. Mteja yule akanitazama kwa makini.

"Kumbe wewe ndiye unayeficha sufuria uvunguni?"

Niliuona wivu ndani yangu, na haukuwa wivu mdogo. Siku zote za kuchagua maneno, na mtu mwenye shimo kwenye fizi ananipita kwa kutikisa karatasi. Nilitaka kusema hilo la pazia si kweli. Nikakumbuka mazulia.

Wiki iliyofuata mume wangu alikata magogo manne mafupi, akayaweka chini ya miguu ya kochi moja. Hakusema ni ya nini. Mimi nikikaa pale miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Wifi alipokuja, alisimama mlangoni, akalitazama kochi, akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi.

"Karibu kiti, wifi," nikasema.

"Nimefika mara moja tu," akasema, akakaa.

Aliongea habari za mteja aliyetaka pazia refu kwa dirisha lisilokuwepo, kwa sababu mumewe aliahidi kulitoboa. Nilihisi vidole vikiniwasha. Akaona.

"Usiandike bado," akasema. "Hujasikia mume alifanya nini. Weka chai kwanza, halafu uje ukae hapa, uache kunitazama mdomo."

Nikaenda kuweka chai.