Kidonge cha Siku ya Hasira

Fundi alikuwa amechoka kusema uongo. Kushona hakukumchosha kiasi hicho. Cherehani yake aliizoea kama mtu anavyoizoea ndoa, kelele nyingi lakini kazi inakwenda. Kilichommaliza nguvu ni kulinda mlango. Tangu mumewe apatwe na kiharusi kidogo mwaka uliopita, mdomo ukaenda upande na mkono wa kushoto ukalegea siku kadhaa kabla ya kurudi, hakuna habari mbaya iliyovuka kizingiti cha nyumba ile bila kupita kwa Fundi kwanza, na Fundi hakuipitisha.

Siku ile daktari alisema mambo mengi. Alisema dawa kila siku, chumvi kidogo, sigara basi, na asubuhi atembee. Nyumba nzima ilisikia moja tu, kwamba Mzee ana presha, na mwenye presha haudhiwi. Basi ikawa ndiyo sheria. Redio ilizimwa kabla ya taarifa ya habari. Timu yake ikifungwa, aliambiwa mechi imeahirishwa kwa sababu ya mvua, na msimu ule, kwa kweli, mvua iliiandama sana ile timu. Binti yao alipoachwa na mchumba, mchumba alisafirishwa kwenda masomoni kwa maneno matupu, na mpaka leo anasoma. Wageni walizuiwa nje, pale penye kamba ya kuanikia nguo, wakaelekezwa cha kusema. Wengi waliishia kuzungumzia joto.

Mzee mwenyewe, dereva mstaafu wa malori, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akanenepa kwa amani. Dawa zake alizitunza mwenyewe ndani ya kopo la biskuti chini ya kiti. Fundi ndiye aliyepanga foleni kliniki kila mwezi na kumletea, na akimuuliza kama amemeza alijibiwa, "Wewe shona." Akashona.

Uongo mkubwa kuliko wote ulikuwa kuhusu kaka. Mzee alikuwa na kaka mmoja tu, kinyozi, aliyeishi mji mwingine, na huyo ndiye aliyetangulia kuambiwa ana presha katika ukoo wao. Simu zao zilikuwa za kucheka mwanzo mpaka mwisho. Kisha kaka akaanguka kwenye kibanda chake cha kunyolea, mkasi ungali mkononi, na hospitali hakufika. Fundi aliipokea ile simu akiwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake, akamwambia mumewe kuna mteja anamwoza binti yake huko mbali na anataka magauni yarekebishwe hukohuko. Halafu akaenda kumzika shemeji yake.

Kule msibani mjane alimshika mkono, akamweleza kwamba dawa za marehemu zilikutwa rafuni, karibu zote. Kila akikumbushwa alikuwa akisema hana anayemuudhi. Fundi aliyasikia hayo kama mtu anavyosikia maneno ya msibani, anatikisa kichwa huku macho yanatafuta pa kuweka kikombe. Aliporudi nyumbani alikuwa ameshanawa uso. Mzee alitaka kuhadithiwa harusi. Bibi harusi alivaa nini? Fundi akakaa, akamshonea bibi harusi gauni la maneno, mikono mirefu, lesi kifuani, mkia wa kuburuta. Mzee akauliza kama watu walicheza. Akasema walicheza sana, kisha akaingia bafuni na kufungulia maji yatiririke.

Tangu hapo simu ya kaka iliibiwa, ikaharibika, ikatumbukia kwenye ndoo. "Kaka yangu siku hizi kawa adimu," Mzee alikuwa akisema, na Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asijibu.

Hali ilikuwa hivyo alipokuja yule dada wa utafiti. Alitoka kwenye kundi la watafiti waliokuwa wakipita mtaa ule kutaka kujua kwa nini watu walioambiwa wana presha wanaziacha dawa. Mara mbili alikuwa amekuja Fundi akiwa dukani kununua vitambaa. Safari hii alimkuta. Alitoa shikamoo, akavua viatu, akamwacha Mzee apumzike kwanza, kisha akamfunga mkanda wa kipimo kwenye mkono. Mashine ikaguna. Alisubiri, akapima tena, akahamia mkono wa pili, na uso wake haukupendezwa na alichokiona.

"Iko juu sana, mzee wangu," alisema. "Imezidi hata ya mara iliyopita."

Fundi alisimamisha cherehani. Aliudhika kama mtu aliyeambiwa nyumba yake chafu. Alimweleza yule dada kwamba mashine yake labda ina kasoro, maana katika nyumba ile hakuna anayemuudhi Mzee, hata inzi anafukuzwa kwa adabu. Dada hakubishana. Aliomba tu kuziona dawa. Mzee akalivuta kopo kwa kisigino, akalifunua mbele yao bila aibu yoyote, na pakiti zilikuwamo zimejaa mpaka juu, nyingi hazijafunguliwa. Foleni zote zile za kliniki zilikuwa zimelala ndani ya kopo la biskuti.

"Kidonge ni cha siku ya hasira," Mzee alisema. "Hapa natunzwa kama yai. Sina anayeniudhi. Sasa nimeze ya nini?"

Fundi alimkumbuka mjane kule msibani. Maneno yaleyale. Mzee aliendelea kueleza, tena kwa fahari, kwamba somo hilo alipewa na kaka yake: presha ikipanda, meza, ikishuka, acha, usije ukauzoesha mwili dawa ikakosa nguvu siku utakapoihitaji.

Yule dada akaanza kueleza, na sauti yake ilionyesha kwamba si mara ya kwanza wala ya kumi. Kila nyumba anayoingia anakutana na jambo hilihilo, alisema. Neno ni moja, mambo ni mawili. Ile presha ya kusongwa na mawazo huja ikaondoka. Hii anayoipima yeye ni damu inavyosukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi, na imo humohumo mtu akicheka, akilala, akibembelezwa. Haiumi, haipigi hodi, na taratibu inachosha moyo na kuharibu mishipa. Kidonge kinasaidia kikimezwa kila siku, pawe na ugomvi au pasiwe. Mzee aliitikia kwa heshima zote, kama madereva wanavyomwitikia polisi wa barabarani. Dada alipoanza kuvaa viatu, kopo lilikuwa limesharudi chini ya kiti.

Fundi alimfuata mpaka kwenye kamba ya nguo, palepale alipozoea kuwafundisha wageni la kusema. Leo aliyetaka kufundishwa alikuwa yeye. Aliuliza kama mtu wa namna ile akipewa habari nzito anaweza kufa.

"Siwezi kukuahidi, mama," dada alisema. "Lakini kinachomuua hakisubiri habari. Kinafanya kazi sasa hivi, ametulia hivyohivyo."

Alimwambia wasimwache peke yake, na mdomo ukienda upande au mkono ukilegea au kifua kikimbana, wasikae kujadiliana, wamkimbize hospitali. Kisha akaenda nyumba ya pili, mabega yameshuka, begi la kipimo likimgonga pajani.

Fundi alibaki amesimama katikati ya mashuka mabichi. Alikasirika. Alimkasirikia marehemu na somo lake, akalikasirikia neno lenyewe linalobeba mizigo miwili kama punda asiye na mwenyewe, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Utulivu wote ule alioujenga kwa mdomo wake mwenyewe ndio uliolijaza kopo. Angeiacha ile timu ifungwe hata mara moja, walau kidonge kimoja kingemezwa. Na sasa kitu pekee kilichoweza kumfanya mtu yule ameze dawa ni kilekile alichokuwa akiamini kitamuua. Miguu ilimuuma, na hakuwa na mwingine wa kumtuma.

Aliingia ndani, akamwita binti yake akae karibu na mlango, simu mkononi. Akavuta kigoda mpaka mbele ya kiti cha mumewe, akakaa.

"Mzee," alisema, "hakukuwa na harusi."

Mzee alimtazama.

"Nilikwenda kumzika kaka yako."

Fundi alikuwa ameukazia macho mdomo wa mumewe, akiungoja uende upande. Ulitetemeka, lakini ulitetemeka pande zote mbili sawasawa. Machozi yakamshuka Mzee, wala hakuyafuta. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka binti mlangoni akaanza kulia naye.

"Mmenizikia kaka yangu," alisema mwishowe. "Bila mimi."

Mzee akauliza, na lile gauni je, lile la lesi? Fundi akamwambia alilitunga. Mzee akatikisa kichwa. Alijipangusa uso kwa kiganja, akatazama dirishani, akarudi kumtazama mkewe.

"Kaka alikuwa anameza dawa?"

"Siku akiudhika," Fundi alisema.

"Na nani alikuwa akimuudhi?"

"Hakuna."

Kisigino cha Mzee kikatafuta kopo chini ya kiti, kikalikosa, kikalipata. Alilifungua mapajani, akahangaika na pakiti kwa vidole vinene vya udereva mpaka kidonge kikatoka.

"Niletee maji," alisema. "Leo nina sababu."

"Hata jana ulikuwa nayo."

Alimletea maji. Mzee akashika bilauri mkono mmoja, kidonge mkono wa pili, lakini hakukipeleka mdomoni. Alimtazama binti yake kule mlangoni, macho mekundu, kisha akamgeukia mkewe.

"Na kingine mlichonificha ni nini?"

Fundi alimtupia jicho binti yake, akakumbuka mchumba wa masomoni, akakumbuka mvua zote zilizoinyeshea timu.

"Meza kwanza," alisema.