Sahani Moja ya Watoto

Kwetu Lubumbashi watoto tulikula sahani moja: dada yangu mkubwa wa miaka kumi na sita, tuliyemwita yaya, mimi wa kumi na miwili, na mdogo wetu wa kiume. Mama aliweka bukari, ugali wetu, katikati, sombe ya majani ya muhogo pembeni, na siku nzuri samaki wa Kasenga. Aliyetaka kula peke yake tulimwita mchoyo. Basi hakuna aliyejua nani amekula kiasi gani. Sahani ikirudi tupu, mama aliridhika.

Mimi nilijua. Yaya alikata tonge, akalifinyanga mpaka likapoa, kisha akaliweka upande wangu. "Minashiba. Kula we." Samaki pia. Nami nilikula, jamani. Nilidhani ananipenda kuliko mdogo wetu, nikanyamaza nisije nikanyang'anywa bahati yangu.

Yaya akakonda, akaanza kuvaa sweta hata siku za joto kali. Majirani walisema ana minyoo. Mama alisema ni mitihani. Siku moja akaanguka uani akifua nguo.

Hospitalini daktari alimwuliza mama kama mtoto anakula. Mama alikasirika. "Anakulaka na benzake. Sahani inarudiaka bila kitu." Daktari akanitazama mimi na mashavu yangu. Nikatazama viatu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.

Yaya alirudi baada ya wiki nyingi, na amri ya daktari: sahani yake peke yake, mama akae naye mpaka amalize. Nilimchukia, nasema wazi. Nyumba nzima ilikuwa yaya, yaya. Nilishikwa na homa siku mbili, na aliyegundua ni mdogo wangu. Sahani yetu ya zamani tulibaki nayo wawili, tukila kimya kama wageni.

Mchana mmoja mama alitoka kumfungulia mtu mlango. Yaya akasukuma sahani yake kwangu, upesi, akinitazama kwa macho ya kuomba. Kulikuwa na mgongo mzima wa samaki. Mate yakanijaa.

"Kula we," akanong'ona.

"Hapana, yaya."

Akasukuma tena. Ndipo nikamwita mama kwa sauti, nikamwambia yote, tangu tonge la kwanza.

Yaya hakunisemesha wiki nzima. Wiki hiyo nilikaa ng'ambo ya meza nikihesabu matonge yake. Manne. Manne. Matano.